Namba Kumi ya Ziada

Nilinunua sanduku la vipande mia na nane,
plastiki nyekundu, kila soketi imelala shimoni mwake
kama yai kwenye trei.
Kutaisi, Jumamosi, mvua ya Machi,
lari arobaini tu. Nikajiona mjanja.

Jumapili nikajilaza chini ya Niva.
Bolti ya kalipa, namba kumi na saba,
imekula chumvi na tope la njia ya Oni
tangu binti yangu hajaota meno.
Nikavuta. Ikanung'unika.
Nikavuta tena, mguu umekita ukutani,
nikasikia ta, kidogo tu,
kama mtu anavunja karanga chumba cha pili.
Soketi imepasuka ubavuni.
Nikachukua spana. Hiyo haikupasuka, ilifanya vibaya zaidi:
iliteleza, ikalamba pembe zote sita,
ikaniachia kitufe cha mviringo
na vidole vitatu visivyo na ngozi.

Natela alileta kitambaa na chacha,
pombe yetu ya zabibu, isiyochacha.
Hakusema rahisi ni ghali.
Alitazama sanduku, akatazama vidole,
akahesabu kimya.

Tsiala huuzia chini ya turubai, nyuma ya wauza vyuma chakavu.
Miaka thelathini alitunza stoo ya zana
katika kiwanda cha malori, mpaka kikafungwa.
Hana sanduku. Ana blanketi la kijivu.

Nikaokota soketi, nikaipima kiganjani:
"Hii nzuri, nzito."
"Jiwe nalo ni zito," akasema.
"Chungulia. Ukuta wake una unene sawa pande zote,
au shimo limeenda upande kama kofia ya mlevi?
Hesabu pembe. Sita, mwanangu.
Kumi na mbili ni za nati mpya na mtu mwenye haraka.
Sita hushika mbavuni, haziparui masikio."

Akainua spana: "Upande wa ringi ndio wa kulegezea.
Mdomo wazi ni wa kusalimiana na nati,
si wa kugombana nayo."

Namba ichongwe, isipakwe rangi,
la sivyo utakuja kubahatisha gizani.
Na kromu? Kromu ni kanzu.
Muulize aliyeivaa.

Racheti aliniwekea sikioni, akaizungusha taratibu.
Meno madogo, mengi, yakipokezana
kama saa ya mkononi usiku.
Ile yangu ya sanduku, nikakumbuka,
ilikuwa ikitafuna kokoto.

"Gari lako lina namba ngapi?"
Nane. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na saba. Kumi na tisa.
Nilihesabia mkono uliofungwa kitambaa
na mkono ule mmoja ukatosha.

Lari tisini, na vyote vimetumika.
Kwenye ile ya kumi na tisa mtu alikwangua jina kwa msumari:
Jumber.
Sikuuliza Jumber ni nani.
Tsiala aliipangusa mara mbili kabla ya kunipa.

Kisha akatupia soketi nyingine ya namba kumi.
"Si ninayo tayari?"
"Itapotea."

Bolti ile ya kitufe ilinila siku tatu,
tupa, nyundo, na matusi ya babu yangu Mmegreli.
Wenzake waliachia kwa mkono mmoja,
kwa mlio wa komeo
linalofunguliwa na mtu anayekufahamu.
Sanduku jekundu sasa Natela anawekea mbegu za nyanya,
shimo moja, aina moja. Linafaa sana.

Namba kumi ilipotea Jumanne.
Nilikuwa nimeishika. Nikapiga chafya. Basi.
Injini imeimeza, au nyasi, au shetani wa mafundi.
Ile ya pili haitoki mfukoni mwangu,
hata kanisani, nikiinama,
huigonga funguo,
na Natela, bila kugeuka,
hutabasamu kidogo upande wa mshumaa.