Kasma ya Mfyulisi

Boma la Lukwego lina namba ya jalada,
lina folio arobaini na mbili, lina kamba iliyokatika
nikaifunga upya kwa uzi wa kushonea magunia ya viazi.
Lina kila kitu, ila mabati.

Walilijenga wenyewe. Nguvu za wananchi, ndivyo tunavyoandika hapa Makete,
kana kwamba nguvu hufunguliwa kama bomba.
Hatuandiki kwamba mchanga ulipanda kichwani kutoka mtoni
mwezi wa saba, sakitu imelala juu ya nyasi kama chumvi,
wala kwamba Sigalo Tweve alitoa matofali elfu mbili
aliyoyachoma kwa ajili ya nyumba ya mwanawe.
Walifika kwenye lenta. Wakaandika barua.
Folio ya kwanza: Tunaomba kupauliwa.

Aliyepiga muhuri wa IMEPOKELEWA ni mimi.

Tangu hapo nimejifunza lugha ya baridi kuliko Kitulo alfajiri:
limezingatiwa, linafanyiwa kazi,
litahuishwa katika mwaka wa fedha ujao
kadiri ukomo wa bajeti utakavyoruhusu.
Ukomo hushuka kwa waraka.
Sisi hukaa siku tatu ukumbini, makoti mwilini,
tukikata. Mabati yote yanakuwa nusu,
nusu inakuwa upembuzi yakinifu,
upembuzi unakuwa safari ya kwenda kulitazama boma,
na posho ya safari,
hiyo sijawahi kuiona ikikatwa.
Niseme kweli: nilisaini. Nilisafiri mara mbili.
Nilimnunulia mama blanketi.

Mwaka juzi fedha zilikuja. Msishangilie.
Ziliingia Juni ishirini na saba, alasiri,
na tarehe thelathini usiku mfumo hufungwa,
kisichotumika hurudi Hazina.
Kifungu kilisomeka: Uhamasishaji wa jamii kujenga zahanati.
Bwana Luvanda, mweka hazina, alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Kifungu kikabaki vilevile.
"Fedha ya kuhamasisha haiezeki," alisema.
"Ikiezeka, mkaguzi ataniezua mimi."

Basi tukaenda kuhamasisha. Soda mia na ishirini, kalamu, daftari,
na turubai la kukodi, tukalifunga wapi?
Juu ya kuta za boma lenyewe.
Kwa saa nne zahanati ya Lukwego ilikuwa na paa.
Mama Enesi Chaula, mkunga, akanyoosha mkono:
"Mnatuhamasisha tujenge nini, nanyi mmeegemea ukuta wake?"
Mwezeshaji aliliandika swali ubaoni. Limo kwenye ripoti,
folio ya thelathini na sita.
Saa kumi tulifungua turubai, tukalikunja,
mwenyewe alikuwa analidai.

Sasa ni Februari. Mvua haikatiki, bajeti iko mezani tena.
Wameleta barua, na ndoo ya fyulisi juu yake.
Ndani ya chumba cha kujifungulia umeota mfyulisi.
Nani alitema kokwa haijulikani, fundi labda,
akipumzika kivulini mwa ukuta wake mpya.
Umezipita kuta kwa dhiraa nzima. Umezaa.

Nikapekua vifungu. Mabati hayaingii kwenye ukomo.
Mbao haziingii. Misumari, nilijaribu misumari.
Kinachoingia, kwa hesabu zangu,
ni gharama ya kukata mti: shilingi elfu sitini.
Nilimpigia Mama Enesi kumwambia, kwa sauti ya mtu mwenye habari njema.
Kimya. Kuku walisikika upande wake, na mvua.
"Huo mwache," akasema.
"Humo ndani ni wenyewe tu uliomaliza kazi."

Bwana Luvanda amekula tatu, anauliza
tumezipokea kwa kasma gani.
Sijamjibu.
Nina kokwa moja kwenye droo, kando ya muhuri,
bado ina unyevu, imeanza kulowesha wino,
na sijui naiweka ya nini.