Namba Arubaini na Tatu

Mvua ya Salala haigongi bati.
Inanyemelea, manyunyu matupu,
ukija kushtuka kanzu imegandana na mgongo.

Nilikwambia, Harub, tangu dukani kule Ruwi:
yaache hayo makubadhi ya ngozi,
chukua hivi vya mpira, riali mbili na nusu,
soli ina meno.
Ukacheka. "Mimi, kharifu, na viatu vya muosha magari?"

Leo mlima umekuvua heshima.
Umeteleza mbele ya ngamia na wajukuu,
kanzu nyeupe imechorwa ramani ya tope,
na kubadhi moja limebaki nyuma udongoni,
limeachama kama chewa.

Mimi nimejifunga kibwebwe juu ya buibui,
ndani nina suruali ya Nasibu, isiyofika kifundoni.
Mwavuli nimeuacha garini;
ukungu huu haujui juu wala chini.
Mama, masika ya Wete, alikuwa akisema:
anza na nyayo,
kichwa kitakauka chenyewe.

Haya, lete mkono. Taratibu.
Kwenye mfuko wa nailoni, chini ya chupa ya chai,
kuna jozi ya pili.
Usiniulize nilinunua lini.
Vaa.