Sita na Nusu

Daktari wa Karlstad aliligusa bega langu
kama anayegusa mkate kujua kama umeiva.
"Bi Ingegerd," alisema, "humu mna skrubu nne.
Usilibebeshe. Usiligonge."
Sikumwambia kwamba Oktoba inakuja,
na kwamba Oktoba, huku kwetu Värmland, hugonga.

Jioni nikafungua kabati la chuma.
Ile kubwa ilikuwa mbele, nyeusi, imenona,
bunduki niliyonunuliwa na wivu:
Ragnvald alikuwa nayo, nami nikaitaka.
Kila ilipolia, meno yaligongana,
kofia ilikwenda zake,
na bega lilivaa zambarau wiki nzima,
nami nikiwaonyesha wenzangu kazini
kama mtu anayeonyesha pete.

Sasa niseme nililolificha mwaka mzima.
Novemba ile, ukingoni mwa kinamasi,
ayala dume alisimama ubavu wazi, hatua themanini.
Kipofu angempata.
Lakini mwili una kumbukumbu zake, hauombi ruhusa:
kabla kidole hakijamaliza kuvuta
jicho lilikuwa limeshafumba,
shavu limeshakikimbia kitako.
Nikamvunja mguu wa nyuma.

Usiku kucha, mimi na Tussa na tochi,
damu tone hapa, tone kule juu ya theluji,
kama aliyepita na kikapu cha matunda kilichotoboka.
Alfajiri mbwa akaketi chini, hakubweka.
Chini ya msonobari, bado anapumua,
alinitazama.
Sina la kuongeza hapo.

Nyuma ya ile kubwa, ndani ya soksi ya sufi,
ilisimama bunduki ya shangazi Hjördis.
Mti wake umelika pale shavu lake lilipozoea kulala.
Hula sita na nusu kwa hamsini na tano,
risasi iliyozaliwa kabla ya bibi yangu,
ndefu, nyembamba, askari kwa asili,
kisha ikaacha jeshi ikahamia jikoni.
Shangazi alikuwa na kilo hamsini, viatu na matope vikiwemo,
na misimu thelathini friza yake haikujua njaa.

Ragnvald alicheka ghalani hadi kahawa ikamwagika.
"Hiyo? Hiyo ni ya watoto na maaskofu.
Ayala atadhani ameumwa na mbu."
Nikamwambia: wembamba wa reli, Ragnvald...
Naye, aliyeendesha treni miaka ishirini,
akatafuta kitambaa cha kufutia meza.

Jumamosi, kwenye machimbo ya kokoto,
nilipiga tano, karatasi iko mita mia.
Kitako kilinisukuma
kama mtu anayetaka nisogee kwenye benchi naye aketi.
Basi. Jicho likabaki wazi.
Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa
niliuona mti na karatasi na mlio, vyote pamoja,
na mimi nikiwa bado nipo.
Matundu manne ungeyafunika kwa kikombe.
La tano limekaa peke yake, juu kushoto.
Hilo ni langu, si la bunduki.

Mita mia na hamsini, nimejiwekea, zatosha.
Akisimama mbali zaidi, awe na pembe kama kinara cha kanisa,
nitamtazama apite, nitamimina chai.
Baruti haiwezi kununua ukaribu.
Ukaribu unalipiwa kwa magoti, na kwa kuamka.

Leo nimekaa mnarani tangu saa kumi na moja,
skrubu nne zikiijua baridi kabla yangu.
Mfukoni risasi tatu za akiba,
vuguvugu kwa joto la paja.
Kitu kimevunja kijiti upande wa kinamasi.
Huenda ni yeye. Huenda ni paa tu.
Huenda ni Ragnvald anatafuta pa kukojoa.
Naegemeza shavu pale lilipolala shavu lake.