Thelathini na Mbili

Kwanza nilimwomba ndoo na saa.
Eluned akaleta ndoo ya maziwa na saa ya marehemu,
tukafungua koki ya jikoni hadi mwisho
tukasimama kuikodolea macho kama wenye deni nayo.
Dakika nzima: lita saba na kikombe.
Geji yangu ikasema baa tatu, haina kasoro.

"Presha ipo, basi maji yako wapi?"
Nikamwambia, mama, presha ni haraka tu.
Umati ukiwa na haraka vipi,
mlango ukiwa mwembamba
utatoka mmoja mmoja.

Bomba lake lilikuwa la risasi, la enzi za babamkwe,
mita sitini na tatu toka barabarani
chini ya malisho ya kondoo,
na ndani limeota ganda
hata kidole changu cha mwisho kilikataa kuingia.

"Gwilym alikuwa akioga saa kumi na mbili asubuhi
kabla ya kwenda machimboni.
Nami nikijaza birika tu, birika moja,
maji ya juu yanamkatikia
na jina langu linateremka ngazi lina povu:
Eluned!
Miaka arobaini na moja."

Nikaweka mezani vipande viwili, vyote bluu:
milimita ishirini na tano, milimita thelathini na mbili.
Tofauti yake ni unene wa penseli.
Dukani watakwambia ishirini na tano yatosha,
na yatosha, safari ikiwa fupi.
Lakini maji nayo hushikwa shati na ukuta wa bomba
kila mita,
na kwako mita ni nyingi.

"Nyumba ya mtu mmoja," akasema, kama anayejikumbusha.
Akakiweka kipande chembamba jichoni, akachungulia mlima.
Kisha kile kinene.
"Kwa hili naona kondoo wawili zaidi."
Likachaguliwa.

Mvua ya huku Wales haipigi hodi.
Nilichimba siku nne ndani ya uji wa udongo,
kina mita moja kasoro robo, barafu isilifikie,
na sikuweka kiungio hata kimoja ardhini:
kiungio ukikizika umezika deni,
na deni lina siku yake ya kufukuka.
Wala elbo sikutia. Elbo huyageuza maji kwa kofi.
Nililipinda bomba taratibu, mviringo mpana,
nikalitandikia mchanga, na juu yake utepe
wa kumwonya mwenye sululu nisiyemjua.

Ncha nikazivisha bushi kwa ndani kabla ya kukaza nati.
(Mwanafunzi wangu Tegid aliisahau mara moja
kwa mchungaji wa kanisa. Zulia bado lanuka.)
Koki kuu nikatia ya mkono, ya kufunguka koo lote,
kando yake valvu ya kuyakataza maji kurudi yalikotoka,
kisha shaba ya ishirini na mbili ikapanda ngazi,
na ya kumi na tano mwisho kabisa,
pale tu inapokutana na koki.

Jioni nikaenda juu nikafungua bafu la mvua,
nikampigia kelele afungue chini:
sinki, birika, ndoo, vyote.
Maji juu hayakutikisika.
Nilitia mkono, nikahesabu hadi mia.

Niliposhuka nilimkuta ameshika koki,
uso ameuelekeza ngazini.
"Umeona tofauti?"
"Kimya," akasema.

Akaifunga.
Akaifungua tena, hadi mwisho,
akangoja.