Kipimo cha Dirisha

Nilipima kwa kandambili: mbili na nusu upana,
urefu ni wa ukuta, kona hadi kona.
Hicho ndicho kishamba changu cha Isamilo,
kati ya msingi wa nyumba na jiwe
lililowashinda mafundi,
wakalipaka chokaa, wakaenda zao.

Magesa wa miche akasimamisha toroli,
akanisifia waridi. Akanisifia bogenvilia:
"Mama, hii ikikolea, mtaa mzima utakuuliza."
Nikamwambia mimi sitaki kuulizwa.
Akashusha mwashoki, umenyooka kama askari wa gwaride.
Miaka mitatu, alisema, unagusa bati.
Nikamwonyesha dirisha.
Nikaweka kiganja chini kidogo ya kizingiti: hapa.
Kitakachovuka hapa nitakikata kwa panga.

Hakuuliza sababu. Nikampenda kwa hilo.

Sababu imeketi ndani, shuka magotini.
Luhende, fundi wa injini,
miaka ishirini na saba kwenye boti za Ukerewe.
Tangu kiharusi kimchukulie mkono wa kulia
na nusu ya maneno,
amebakiwa na kipande cha ziwa
kati ya bati la jirani na mwamba wenye pimbi.
Chenyewe si kikubwa,
ukikikinga kwa gazeti kimekwisha.
Boti ikipita ananyoosha kidole cha kushoto
na mimi najua anachosema:
ile, silinda moja haichomi.

Kwa hiyo nikachagua vifupi.
Mishubiri miwili, kwa ajili ya moto wa jikoni.
Saa nne (ndivyo tulivyoyaita kwetu Nansio
maua yale yanayolala hadi jua lipande),
hayaombi maji, yanaomba kusahauliwa.
Ukoka pembeni, uushike udongo,
masika isije ikawapelekea majirani wa bondeni.
Na matembele, kwa sababu marehemu mama
asingenielewa: ardhi ina maua, haina mboga?
Vyote vitambae. Sina muda na kinachosimama.
Alfajiri kumgeuza, mchana kumlisha,
bomba linatoa maji mara mbili kwa wiki;
mtakunywa nilichooshea mchele, niliviambia,
na siku ya wali hakuna, mtavumilia.

Vikavumilia.
Wakaja visubi wa ziwani, wingu zima,
wakafia kwenye ukoka. Sikuwafagia.
Matembele yakanenepa kwa msiba huo.

Halafu mwezi wa tatu, kati ya mshubiri na mshubiri,
ukasimama mche nisioupanda.
Shina wima, majani yamefumbuliwa kama viganja.
Mpapai.
Nikakumbuka: Desemba, namlisha karibu na dirisha,
akatema mbegu nje,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikainama na panga.
Nyuma yangu kioo kikagongwa.
Kidole cha kushoto. Na neno
lililochelewa kutia nanga, lina mzigo:
"U… a… che."

Utakuzibia ziwa, nikasema.
Akalitazama ziwa. Akautazama mche.
Akagonga tena, sasa kwa hasira,
hasira yake ya zamani, ya kwenye injini,
ambayo sikujua kama bado ninayo nyumbani.

Nikasimama. Magoti yakalia yote mawili.

Kila Jumamosi sasa naupima kwa kandambili.
Mbili. Mbili na kisigino.
Kutoka udongoni hadi kizingiti ni nne.
Magesa amepita, ameuona, amecheka:
"Mama, na huo nao unatambaa?"
Nimemnunulia saa nne nyingine, za njano, anyamaze.

Sijaamua kitu.
Panga liko palepale, nyuma ya mlango,
na kila nikipita na ndoo
Luhende haangalii boti,
ananiangalia mikono.