Pini ya Shaba

Kabla ya penseli nilikwenda kutazama.
Pongwe, ng'ambo ya reli, ekari tatu za mkonge,
na Mama Mdoe akisinga kwa kisu butu
juu ya ubao ulioliwa katikati.
Majani arobaini tangu alfajiri.
Maji ya mkonge yamemwasha hadi viwikoni.

Nikamuuliza: Unataka nini?
Akasema: Mashine.
Nikamuuliza tena, maana mashine si haja,
mashine ni jibu lililotangulia swali.
Akajikuna. Akafikiri.
"Nataka saa nne niwe nimemaliza,
na mikono niliyokuja nayo."

Nikayaandika vivyo hivyo, juu kabisa ya karatasi.
Yaliyobaki yote ni chuma.

Karakana yetu iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita.
Huko kuchora ni kufuta.
Ngoma ya visu kumi na viwili: nikafuta.
Visu vinane, injini ya nguvu za farasi sita,
mkanda, puli, beringi mbili za kuegemea.
Shafti, nikikokotoa, yaja milimita ishirini na saba.
Muuza vyuma anazo ishirini na tano, na thelathini.
Hesabu haijui duka;
nikabeba thelathini, na uzito wake, begani.

Mwanagenzi wangu, Zaituna, akauliza:
Kipi humu ndicho imara kuliko vyote?
Nikamwambia, uliza kipi dhaifu.
Kila kitu kitavunjika siku moja,
kazi ya mchoraji ni kuchagua wapi.
Nikamwonesha pini ya shaba kati ya puli na shafti,
milimita sita, bei ya andazi.
Likiingia jiwe, pini inakatika,
ngoma inasimama,
na mtu anabaki na matusi yake tu.

Wiki ya tatu, simu.
"Pini yako imekatika mara tatu. Sehaba kaweka msumari."
Msumari wa inchi sita! Unene ule ule,
umeingia kama uliozaliwa humo.

Nilipofika, shafti imepinda,
puli imelala kwenye majani,
na Sehaba amekaa kwenye debe,
vidole viwili ndani ya kitambaa chekundu
ambacho asubuhi kilikuwa cheupe.
Majirani wakanipa pole: ajali haina kinga.

Nikanyamaza.
Kinga ilikuwapo. Ilikuwa imevunjika mara tatu,
kama ilivyoagizwa,
na vipande vyake Mama Mdoe amevitunza
ndani ya kopo la maziwa,
akidhani ni aibu yangu.

Nilitaka kumlaumu Sehaba. Usiku nikakunjua mchoro:
jani limo, jiwe limo, injini imo na mtikisiko wake.
Sehaba hayumo.
Hayumo mtu ambaye gari la mzigo linampigia honi,
duka la pini liko mjini,
na mfukoni ana msumari.
Mzigo huo sikuukokotoa.

Basi nikaanza upya, siyo kwa hasira.
Tundu nikalipunguza, milimita tano,
msumari ukija ugonge mlango urudi;
shaba nikaitafuta iliyo ngumu zaidi.
Na ndani ya kifuniko, Zaituna akatoboa vijumba kumi,
pini kumi za akiba zimekaa
kama meno ya mtoto,
hapo hapo mkono unapotafuta kitu cha haraka.

Karatasi mpya, toleo la pili.
Juu kabisa nikanakili maneno yale,
nikafika mwisho wa mstari, nikasita.
*Na mikono niliyokuja nayo.*
Nikachukua kifutio.
Nikafuta *ni*,
nikaandika *tu*.