Kiti cha Themanini na Nane

Kadi ya msimu: elfu tatu taslimu.
Nililipa mwezi wa nane, noti zikinuka mafuta ya cherehani,
nikapewa kipande cha plastiki, jina langu limekosewa:
Mwanasiti Baraka, badala ya Mwanasiti Barka.
Sikulalamika. Karani alisema ana foleni,
na foleni yenyewe tulikuwa watu saba.

Kakangu Mbwanakheri alicheka mpaka akashika ukuta.
"Walipa elfu tatu uchomwe na jua?
Mimi bandani Majengo, kwa shilingi thelathini,
naiona Ulaya nzima na feni juu ya kichwa,
na bao likiingia narudishiwa mara nne."

Kweli. Na kiti changu si kiti.
Ni ngazi ya simiti, na 88 ya rangi nyeupe
iliyopakwa na mtu mwenye haraka zake.
Bati liko ng'ambo, kwa wageni wa heshima.
Sisi wa mashariki, saa kumi ikigonga,
jua latutazama usoni kama mdai.

Haya, tupige hesabu,
kama nipimavyo kitambaa kabla ya kukitia mkasi.
Mechi za nyumbani kumi na tano.
Mlangoni ni mia mbili na hamsini.
Zidisha, toa: faida mia saba na hamsini.
Hiyo ni karatasi, na karatasi haivaliki.

Mbili zilinipita kwa kanzu za Idi,
thelathini na mbili, na kila mwenyewe aitaka jana.
Mbili zilihamishiwa Machakos, mvua ya masika
ilipoligeuza goli la kaskazini bwawa la vyura.
Moja ilichezwa milango imefungwa, adhabu ya chupa
aliyoirusha mtu ambaye, wallahi, hakuwa na kadi.
Zabaki kumi.
Mia tano imenitoka hivi hivi.
Mia tano ni zipu dazeni mbili, na chenji ya uzi.

Na hizo kumi nazo, usiniulize.
Nne sare, bila bao hata la kuotea.
Tatu tulifungwa, moja kwa kichwa cha beki wetu Chirima,
kichwa kizuri sana, wavu ukatikisika,
ila wavu ulikuwa wetu.

Kwenye 87 hukaa Odera, fundi wa winchi bandarini.
Maganda ya njugu yake huishia kwenye buibui langu.
Hatujawahi kuulizana habari za nyumbani.
Siku ya Chirima alinyamaza, akatia mkono mfukoni,
akanigawia njugu zote zilizobaki.
Hilo sikulipigia hesabu. Sijui liandikwe safu gani.

Na mlangoni yuko Ngumbao, mwenye filimbi isiyolia.
Mechi ya kwanza aliigeuza kadi mbele na nyuma.
Ya nne, aliichungulia tu.
Ya saba niliisahau nyumbani, ndani ya kopo la vifungo,
akasema, "Pita, Mwanasiti, wachelewa, wamekwisha anza."
Nikapita nikijiambia: kumbe!
Ikiwa uso wangu ndio tiketi, elfu tatu ni ya nini?

Nikamuuliza mechi ilipokwisha.
Alikuwa akifunga komeo, hakugeuka.
"Tangu Februari hatujalipwa," akasema.
"Wadhamini wamekimbia. Tulicholipwa Januari
kilikuwa zile kadi zenu."
Sisi watu saba! Labda sabini. Sikuthubutu kuuliza.

Nilimweleza Mbwanakheri. Akasema, "Basi hiyo ni sadaka,
si tiketi. Iite kwa jina lake."
Siku hizi hasemi uongo sana, kakangu.
Lakini sadaka haina namba ya rangi nyeupe,
wala haikuunguzi shingo, wala haikuudhi
kiasi cha kukulaza na njaa kwa sababu ya Chirima.

Mwezi wa nane wakaribia.
Jana, baada ya suruali tatu za shule,
nilitia mia tano kwenye kopo la vifungo.
Sijasema nitanunua.
Nimesema nimetia.